Mabuti ya Magari, Alasiri ya Michezo au Sikukuu ya Mavuno: Kuchagua Tamasha la Oktoba la Kanisa kwa Familia za Jirani

Kila mwaka, Agosti inapokaribia kwisha, kamati za makanisa mengi yanayoabudu kwa Kiswahili nchini Marekani huanza kujadili tamasha la Oktoba. Huo ni msimu ambao majani ya miti hubadilika rangi na kupukutika, mashamba huvunwa, na makanisa ya Kimarekani, kuanzia Louisville hadi Dallas na kuanzia Des Moines hadi Minneapolis, huwafungulia viwanja familia za mtaa bila kiingilio. Watoto wetu wanaosoma shule za huko hualikwa na wenzao, na wakirudi nyumbani huuliza kwa nini kanisa la wazazi wao halina siku kama hiyo. Wana haki ya kuuliza. Ugumu ni kwamba chini ya jina moja la tamasha kuna shughuli tofauti kabisa, na kila moja huvuta watu wake, hudai kazi yake na huacha matunda yake.

Makala haya yanalinganisha shughuli tatu. Ya kwanza ni jioni ya mabuti ya magari, ambayo wenyeji huiita trunk-or-treat: waumini huegesha magari kwenye uwanja wa kanisa, hufungua mabuti na kuyapamba, na watoto wa mtaa hupita gari kwa gari wakipewa pipi. Ya pili ni alasiri ya michezo, ambapo uwanja hujaa mashindano ya watoto, maboga ya kupaka rangi, michoro ya usoni na supu moto. Ya tatu ni sikukuu ya mavuno tuliyoirithi kutoka sharika za nyumbani, yenye ibada fupi, mnada wa mazao na mlo wa pamoja, ila safari hii majirani wanaalikwa pia.

Nimezipima kwa vigezo sita: muda ambao familia ya jirani hukaa na wenyeji wake, dhamiri za waumini na za wageni, tarehe na hali ya hewa, idadi ya watu wa kujitolea, fedha pamoja na sheria zake, na mwisho usalama. Nimeanza na muda kwa makusudi, kwa kuwa kamati nyingi huanza na fedha, na zikianza na fedha hujikuta zimechagua shughuli kabla hazijaamua zinamwalika nani na kwa ajili gani.

Muda wa kukaa pamoja

Katika jioni ya mabuti, familia yenye watoto wawili humaliza mzunguko wa magari ishirini kwa robo saa au nusu saa, kisha huondoka kwenda kwingine. Shughuli yenyewe ndivyo ilivyopangwa, na kasi hiyo ina faida yake, kwa sababu hakuna anayeogopa kuja. Mgeni haingii ndani ya jengo, haketi, hadaiwi maelezo, na mama ambaye hajawahi kukanyaga kanisa la watu wa lugha nyingine anaweza kuja, kutazama, kusalimiwa na kuondoka kwa amani. Kwa upande mwingine, salamu ya kwenye buti ni fupi mno. Usharika ukitaka majirani wajue angalau jina la mtu mmoja, unapaswa kuongeza kitu kitakachowashikilia kidogo, kama meza ya chai ya tangawizi na maandazi mwishoni mwa mstari wa magari, mahali ambapo wazazi watasimama wakati watoto wanahesabu walichopata.

Alasiri ya michezo huwaweka watu kwa saa moja au moja na nusu. Jambo la kuangaliwa hapa ni mahali wazazi wanaposubiri. Mtoto anayepanga foleni ya kuchorwa usoni humfanya mzazi asimame bila kazi, na mzazi aliyesimama bila kazi yuko tayari kuzungumza. Kamati nyingi hutawanya watu wote wa kujitolea kwenye michezo na kuwasahau wazazi, kisha hushangaa kwamba umati ulikuwa mkubwa lakini hakuna aliyefahamiana na mwenzake. Viti kumi na viwili karibu na foleni ndefu kuliko zote, pamoja na mzee mmoja mchangamfu ambaye kazi yake ni kuzungumza tu, vitafanya kazi ambayo mapambo hayawezi.

Sikukuu ya mavuno ndiyo huwakalisha watu kwa muda mrefu kuliko nyingine, saa mbili na zaidi, tena meza moja, sahani kwa sahani. Hata hivyo, watakaokuja watakuwa wachache, kwa kuwa kukubali mwaliko wa chakula kwa watu usiowajua ni hatua kubwa kuliko kupita uwanjani. Aidha, muda mrefu una hatari yake: ikiwa hotuba, nyimbo na matangazo yote yatakuwa kwa Kiswahili pekee, jirani atakaa saa mbili akiwa mgeni zaidi kuliko alipoingia. Ni afadhali ibada ya dakika 20 yenye mkalimani kuliko ibada kamili ambayo nusu ya waliopo hawaifuati.

Dhamiri za waumini na za majirani

Kigezo hiki ndicho huvunja kamati, na kinastahili kujadiliwa mapema, kwa upole, kabla ya mtu yeyote kununua kitu. Halloween ya tarehe 31 Oktoba ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na desturi zake nyingi zililetwa Marekani na wahamiaji wa Ireland na Uskoti katika karne ya 19. Kwa Mmarekani wa kawaida leo ni jioni ya watoto na pipi. Kwa waumini wengi waliokulia Kigoma, Bukavu au Kisii, mahali ambapo uchawi ni jambo linalozungumzwa kwa uzito na ambalo limewahi kuvunja familia, mtoto aliyevalishwa kama mchawi si mzaha hata kidogo. Vijana waliokulia huku huona wazee wao wana hofu zisizo na msingi, na wazee nao huona vijana wamepotea. Pande zote mbili zinasema jambo la kweli kuhusu maisha zilizoyaishi, na mchungaji mwenye busara hataruhusu upande mmoja ushinde kwa kura.

Jioni ya mabuti ndiyo iliyo karibu zaidi na Halloween, hata kanisa likibadili jina lake na kupiga marufuku mavazi ya kutisha. Watoto watakuja wakiwa wamevaa walichovaa, na mlangoni si mahali pa kumrudisha mtoto wa miaka sita. Kanisa linalochagua njia hii lipambe mabuti kwa hadithi za Biblia, safina ya Nuhu au Yona na samaki, na likubali moyoni kwamba baadhi ya wageni watakuja na vinyago. Walutheri wana nafasi ya pekee hapa, kwa kuwa tarehe hiyo hiyo ndiyo kumbukumbu ya Matengenezo ya Kanisa yaliyoanza na hoja za Martin Luther mwaka 1517, na Wakatoliki wanaweza kuifungamanisha jioni hiyo na watakatifu wa kesho yake.

Alasiri ya michezo ikifanyika katikati ya Oktoba hukwepa sehemu kubwa ya mabishano hayo. Boga lililopakwa rangi ni boga tu, na mbio za magunia hazina tafsiri ya kiroho. Sikukuu ya mavuno haina ugomvi wowote ndani ya usharika, tena ina mizizi ya wazi katika Maandiko: Kumbukumbu la Torati 16:14, ikiagiza sikukuu ya baada ya mavuno, humtaja mgeni, yatima na mjane miongoni mwa watakaofurahi pamoja na wenye nyumba.

Dhamiri za majirani nazo zihesabiwe. Katika majengo mengi ya kupanga wanamoishi watu wetu, mlango wa pili ni wa familia ya Kisomali au ya Kiafghani, na wengi wao ni Waislamu. Kwao Halloween na ibada ya Kikristo vyote viwili vina ugumu, wakati michezo ya watoto mchana haina ugumu huo. Inafaa pia kujua kwamba pipi nyingi laini zinazotafunwa zimetengenezwa kwa jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe, na kwamba sufuria moja ya kuku halali iliyoandikwa hivyo waziwazi huwafanya watu waketi badala ya kuchukua maji tu na kusimama mlangoni. Mashahidi wa Yehova nao hawasherehekei Halloween. Kwa hiyo usharika unapochagua shughuli, unachagua pia majirani wake, na ni vyema jambo hilo lisemwe wazi kikaoni.

Tarehe, jua na baridi

Jioni ya mabuti haina uhuru wa tarehe. Ikifanyika mbali na tarehe 31 Oktoba, watoto hawaji na mavazi yao na mvuto hupungua. Ikifanyika tarehe hiyo hiyo, inashindana na mitaa yote. Mwaka 2026 tarehe hiyo itaangukia Jumamosi na mwaka 2027 Jumapili, jambo linalorahisisha mipango kwa wanaofanya kazi siku za wiki na kuivuruga kwa wenye ibada ya Jumapili alasiri. Saa za Marekani hurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo mwisho wa Oktoba jua bado huzama karibu saa kumi na mbili jioni, mapema kidogo Chicago na baadaye kidogo Louisville. Ukianza saa kumi na nusu, wadogo watamaliza kukiwa na mwanga.

Baridi nayo haina huruma. Minneapolis bado wanazungumzia tufani ya theluji iliyoanza tarehe 31 Oktoba 1991 na kumwaga zaidi ya sentimita 70 kwa siku chache. Huo ni mfano wa pekee, lakini mvua ya baridi jioni hiyo ni jambo la kawaida katika majimbo ya kaskazini, na mabuti ya magari hayahamishiki ndani ya ukumbi. Michezo huhamishika, ikiwa ukumbi upo na mwenye jengo ameridhia tangu mwanzo. Hili la mwenye jengo lisisahauliwe, kwa sababu sharika zetu nyingi hupanga makanisa ya wenyeji na kupewa saa za alasiri tu. Uwanja wa magari, jiko na ukumbi huenda vikahitaji ruhusa tatu tofauti.

Sikukuu ya mavuno ina kalenda yake mwenyewe, na hapo ndipo wengi hukosea. Ikiwa mazao yatatoka kwenye bustani za waumini, yaani lengalenga, sukuma wiki, nyanya chungu, mahindi, maharage na majani ya maboga, basi baridi kali ya kwanza ndiyo inayopanga tarehe. Kaskazini baridi hiyo huweza kuua majani mwanzoni au katikati ya Oktoba, kwa hiyo Jumapili za mwisho wa Septemba zinafaa zaidi. Dallas au Houston kuna nafasi hadi Novemba. Usharika usio na bustani unaweza kuisogeza sikukuu karibu na Siku ya Shukrani ya Marekani, Alhamisi ya nne ya Novemba, wakati ambapo jirani yeyote anaielewa bila kuelezwa. Kwa ndugu walioko Kanada, ambako siku hiyo ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, mambo mawili hayo yanakutana bila kulazimishwa.

Mikono inayohitajika

Wengi wa waumini wetu hufanya kazi kwa zamu, katika maghala, viwanda vya nyama na nyumba za wazee, na Jumamosi si siku ya mapumziko kwa kila mtu. Kigezo hiki kwa hiyo kipimwe kwa majina yaliyoandikwa, si kwa mikono iliyoinuliwa kanisani.

Jioni ya mabuti hugawanya kazi vizuri kuliko nyingine zote. Kila familia hushughulikia gari lake, hulipamba kwa uwezo wake na huondoka na takataka zake. Kinachobaki ni watu watano au sita wa kuelekeza magari, kupokea wageni na kusafisha. Usharika wenye magari kumi tu usikate tamaa, lakini uyapange karibu karibu na uongeze mchezo mmoja katikati, la sivyo uwanja utaonekana mtupu.

Alasiri ya michezo hula watu. Michezo minane inahitaji angalau watu kumi na sita, kwa kuwa hakuna mmoja anayepaswa kubaki peke yake na watoto, na wote wanahitaji kupokezana. Vijana wa kwaya ndio nguvu yake, na ni shughuli nzuri ya kuwapa madaraka halisi: waendeshe wao, wazee wakae kwenye viti na wageni.

Sikukuu ya mavuno inahitaji watu wachache uwanjani, lakini huwaelemea wale wale kila mara, yaani akina mama wa jikoni, ambao huanza kupika pilau usiku wa kuamkia siku yenyewe na mchana hawapati hata nafasi ya kuketi na mgeni mmoja. Hilo si haki, na pia linaiharibu shabaha, kwa sababu mara nyingi akina mama hao ndio wenye kipaji cha kupokea watu. Njia moja ni kuwapa akina baba zamu yote ya kupakua na kuosha, kwa maandishi, majina yakisomwa Jumapili iliyotangulia.

Fedha na sheria zake

Gharama ya jioni ya mabuti ni pipi, na hesabu yake huwashangaza wasiowahi kuifanya. Magari ishirini yakipokea watoto mia mbili, na kila gari likitoa pipi moja moja, zinahitajika pipi elfu nne. Mzigo huo ukiachiwa familia zenye magari, zile zenye kipato kidogo zitajitenga kimya kimya. Usharika uanze kukusanya mwezi mmoja kabla, kapu likiwa mlangoni, kisha ugawanye sawa.

Alasiri ya michezo inaweza kugharimu fedha nyingi au kidogo sana kulingana na tamaa ya kamati. Nyumba za hewa za kurukia hukodishwa kwa bei kubwa, na mara nyingi huja na masharti ya bima. Kwa maoni yangu, usharika wa Kiafrika Mashariki hauna sababu ya kukodi sana. Rede inahitaji mpira wa soksi, mdako unahitaji vijiwe na kishimo, kuruka kamba kunahitaji kamba, bao moja la mezani huwakusanya wanaume wa kila taifa, na kukimbia na yai kwenye kijiko kunaeleweka kwa kila mtoto duniani. Michezo hiyo ni rahisi, na tena watoto wa jirani hawajaiona kwingine kokote, na wetu wenyewe huona fahari kuwafundisha. Maboga ndiyo gharama ya kweli. Yakinunuliwa wiki ya mwisho ya Oktoba bei huanza kushuka, lakini kumbuka kwamba yale makubwa ya kuchongwa yana maji mengi na ladha hafifu, na anayetaka kupika futari achague madogo ya kupikia.

Sikukuu ya mavuno ndiyo pekee kati ya tatu inayoweza kuingiza fedha, na ndiyo pekee inayoweza kumkwaza mgeni kwa sababu hiyo hiyo. Nyumbani kila mtu anajua mnada wa kanisa unavyokwenda: mkungu wa ndizi huinuliwa, mnadishaji huchochea, mmoja hununua kwa bei isiyolingana na soko na kumkabidhi mjane aliyeketi nyuma, au huurudisha mezani unadishwe tena. Furaha yake iko katika kutoa. Jirani asiyejua desturi hiyo huona tu kwamba alialikwa chakula na sasa anaombwa pesa. Dawa yake ni kueleza mapema kwa lugha yake, kumwambia kwamba halazimiki kutaja bei, na kupanga waumini kadhaa watakaonunua kwa niaba ya wageni, ili mtoto wa jirani atoke na kapu la mayai au boga alilozawadiwa hadharani kwa jina lake. Nimeiona zawadi ya namna hiyo ikileta familia kwenye mlango wa kanisa wiki zilizofuata, kwa ajili ya kushukuru tu. Kuku hai waachwe, kwa kuwa miji mingi ina masharti kuhusu mifugo. Mikate, sambusa, chupa za pilipili na vitenge vinatosha.

Kuhusu sheria, mweka hazina ajue mambo machache. Kwa kanuni za mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, anayenunua kitu kwenye mnada wa kanisa anaweza kuhesabu kama sadaka ile ziada tu inayozidi thamani ya kawaida ya kitu hicho, na anapolipa zaidi ya dola 75 kwa malipo yaliyo nusu sadaka nusu ununuzi, kanisa linapaswa kumpa maandishi yenye makadirio ya thamani hiyo. Bahati nasibu ni jambo jingine kabisa: majimbo mengi huitazama kama kamari na kudai kibali, kwa hiyo isiingizwe bila kuuliza. Kwa chakula kinachotolewa kwa umma, kaunti nyingine hudai kibali cha muda na nyingine huyasamehe makanisa, na jibu hupatikana kwa simu moja kwa idara ya afya ya kaunti. Kwa zote tatu, muulizeni mwenye jengo kama bima yake inawahusu ninyi na wageni wenu.

Usalama wa watoto na wa chakula

Hoja yenye nguvu zaidi ya kuunga mkono jioni ya mabuti iko hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la JAMA Pediatrics, uliopitia rekodi za miaka 42 za Marekani, ulionyesha kwamba hatari ya waenda kwa miguu kufa kwa kugongwa jioni ya Halloween ilikuwa juu kwa asilimia 43 ikilinganishwa na jioni za karibu nayo, na watoto ndio walioathirika zaidi. Uwanja uliofungwa, magari yakiwa yamezimwa, ni hifadhi ya kweli. Hifadhi hiyo huvunjika pale muumini mmoja anapochelewa na kuingiza gari watoto wakiwa wamekwisha fika. Saa ya mwisho ya kuingia iheshimiwe bila upendeleo, hata kama aliyechelewa ni mzee wa kanisa.

Katika michezo, hatari kuu ni nyumba za hewa upepo unapovuma. Zifungwe ardhini kama mtengenezaji alivyoagiza, na zitolewe hewa upepo unapofika kiwango alichokiandika. Katika shughuli zote, watoto wadogo chini ya miaka minne wasipewe pipi ngumu wala bisi, kwa sababu huweza kuwapalia.

Mlo wa mavuno unadai uangalifu mkubwa kuliko zote, na sababu ni mapishi yetu wenyewe. Karanga zimo kwenye kisamvu, kwenye mchicha na kwenye michuzi mingi, wala hazionekani kwa macho. Marekani mzio wa karanga ni jambo zito ambalo kila mwalimu wa shule analijua, na sheria ya huko inataja vyakula tisa vikuu vyenye mzio: maziwa, mayai, samaki, samakigamba (kama kamba na kaa), njugu za mitini (kama korosho na lozi), karanga, ngano, soya na, tangu mwaka 2023, ufuta. Kila sufuria iwe na karatasi yenye orodha ya vilivyomo, kwa Kiingereza. Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi chini ya nyuzi 4, na kilichokaa mezani zaidi ya saa mbili bila joto wala barafu kitupwe. Kwenye mabuti, tangu mwaka 2014 kuna desturi ya kuweka boga lililopakwa samawati iliyochanganyika na kijani kuonyesha kwamba gari hilo linatoa penseli, vibandiko au mipira badala ya vyakula. Ni jambo dogo ambalo mzazi wa mtoto mwenye mzio halisahau.

Mwongozo kwa kila hali

Usharika uliohamia mtaa mpya, ambao majirani hawajui hata jengo hilo linatumiwa na nani, utafaidika na jioni ya mabuti, mradi mjadala wa dhamiri umemalizika kwa amani na magari hayapungui kumi. Njia hiyo inawafaa pia wenye vijana wachache na familia nyingi zenye watoto wadogo. Ikiwa sehemu ya wazee bado wanaumia moyoni, msiisukume mwaka huu.

Mnaozungukwa na majengo ya kupanga yenye watu wa dini na mataifa mengi, mkiwa na kikundi cha vijana kinachotafuta kazi, alasiri ya michezo katikati ya Oktoba ndiyo itakayowakusanya bila kumwacha mtu nje. Ifanyike Jumamosi mchana, mkiwa na ukumbi wa akiba, na ibada iachwe siku hiyo. Kipeperushi chenye saa za Jumapili kikae mezani kwa atakayekitaka.

Usharika ambao tayari unafahamiana na familia kadhaa za jirani, kupitia shule, kazi au bustani ya pamoja, hauhitaji umati. Huo ualike familia hizo kwa majina kwenye sikukuu ya mavuno, familia moja ya kanisa kwa kila familia ya mgeni, na uweke mkalimani mbele. Wenye wakulima wa bustani miongoni mwao, kama wale wanaolima chini ya mpango wa New Roots wa shirika la kuhudumia wakimbizi la International Rescue Committee, wana utajiri ambao hawana haja ya kuununua.

Mnaopanga jengo la wenyeji mtakuwa na swali la ziada, kama mfanye peke yenu au pamoja nao. Wenyeji wakiwa tayari wana jioni ya mabuti, kuandaa nyingine wiki hiyo hiyo ni kugawa majirani. Ombeni nafasi ya magari yenu manne au matano kwenye jioni yao, mlete maandazi na chai, kisha wao waalikwe kwenye mavuno yenu.

Na ambao watu wa kujitolea waliojiandikisha hawafiki kumi kufikia mwisho wa Septemba, wachague meza moja: Jumamosi moja alasiri, supu ya maboga, chai, kamba ya kuruka na bao mbele ya kanisa, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja. Matangazo yabandikwe kwenye mbao za majengo ya karibu siku kumi kabla, kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine yoyote inayosomwa mtaani hapo.